Boneti ya Mwalimu Levina

Mimi ni mpiga rangi wa magari, na mpiga rangi ni mtu wa mwisho kuitwa. Gari likishagongwa, likachomelewa, likanyooshwa, mwenyewe akishalaani na kuchoka, ndipo naletwa mimi nifunike aibu za wengine. Kazi hiyo naifanya Ng'ambo, hapa Tabora, mwaka wa ishirini na sita sasa. Ishirini na miwili kati ya hiyo nilikaa banda moja na Shigela, mnyoosha bodi. Nataka kumweleza Shigela, lakini nitangulize hili mapema: atakayeonekana vibaya katika habari hii si yeye.

Shigela ni Msukuma wa Igunga. Kazaliwa kwenye ng'ombe, kakulia kwenye ng'ombe, na kama ukame usingewamaliza ng'ombe wa baba yake angekuwa huko mpaka leo akiwapigia mluzi. Alikuja Tabora kijana, akabeba mizigo stesheni, kisha akapata kibarua cha kufagia kwenye gereji ya Mwarabu mmoja ambaye siku hizi ni marehemu. Alianza na ufagio, akaishia na nyundo. Shule hakusoma. Jina lake aliweza kuliandika, na zaidi ya hapo alisema herufi zinamzomea. Alikuwa na mwili mkubwa na maneno machache, na ugali aliouleta mkewe Dafrosa kila mchana ungewashibisha wanangu wote na mgeni mmoja.

Mimi ni Mnyamwezi, naitwa Eustace, na Mnyamwezi na Msukuma ni watani. Kwetu mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, anaweza kuja msibani kwako akalala kwenye shimo la kaburi na kudai alipwe ndipo atoke, na wewe kazi yako ni kucheka au kurudisha. Ukinuna, wa kuchekwa ni wewe. Kwa miaka ishirini na miwili Shigela na mimi tulitukanana kila asubuhi kabla ya chai, na sikumbuki siku hata moja tuliyogombana.

Kazi yake ilikuwa ya kutazama. Hakuwa na mitambo. Alikuwa na nyundo tatu, moja ya mpira, na kipande cha reli kilichokatwa na kusuguliwa mpaka kikang'aa, ambacho alikishika chini ya bati wakati nyundo inagonga juu. Wengine wanagonga bati kama wanapigilia msumari. Shigela aligonga mara mbili, akainamisha kichwa, akasikiliza, akagonga tena. Aliwahi kuniambia kwamba bati lililokaa sawa lina sauti yake, na lililovutika linalia kama debe tupu. Gari la padri mmoja wa Kipalapala lilikuja mlango umekunjika kama bahasha, likatoka hata sikuhitaji kopo moja la puti ya kujazia. Nilipuliza rangi moja kwa moja. Padri alizunguka gari mara mbili akitafuta mlango uliokuwa umeumia.

Sasa, mtu akigonga chuma miaka thelathini, masikio nayo yanalipa. Kwanza akawa haitikii salamu ya nyuma. Kisha simu ikilia ananipa mimi nipokee, anasema mikono yake ina grisi. Watu wakicheka naye anacheka, akiwa amechelewa kidogo. Hakumwambia mtu, na mimi sikumuuliza. Mwaka mmoja kazi zake zilianza kutoka na mawimbi. Macho ya kawaida hayayaoni, lakini rangi ikikauka juani yanajitokeza. Nikawa najaza puti, napiga msasa, nanyamaza. Nilijiona mwema sana. Baadaye yale mawimbi yalipungua, halafu yakaisha kabisa, na mimi sikujiuliza kwa nini. Ukishamzoea mtu kama mgonjwa, hata akipona humwoni.

Mwalimu Levina alikuja wakati wa masika mwaka juzi. Ni mwalimu mkuu mstaafu, anaishi upande wa Kipalapala, analima mahindi na karanga, na kwa kiinua mgongo chake alikuwa amenunua kigari cha bluu ambacho alikiosha mwenyewe kila Jumamosi. Siku hiyo alikuwa amesimama kwenye makutano ya reli akisubiri treni ya mizigo ipite. Kando yake alisimama mtu na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Tope likamtelezesha, na baiskeli na mkaa vyote vikalala juu ya boneti.

"Hata kumfokea nilishindwa," alituambia. "Alikuwa analia kuliko mimi."

Boneti ilikuwa imezama katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Taa nzima, rejeta nzima. Mwalimu akasimama mbele yetu na mkoba wake kifuani.

"Shikamoo Mwalimu," tukamwamkia.

"Marahaba. Nimeshauriwa mambo mawili. Mmoja ananiambia niagize boneti ya mtumba Dar, inaletwa na basi. Mwingine ananiambia hii inyooshwe. Mimi sijui chuma, najua chaki. Niambieni ukweli, maana sitapata gari lingine."

Shigela hakujibu. Pengine hakusikia, ila shida aliiona. Alisogea, akafunga macho, akapitisha kiganja juu ya lile bati taratibu, kutoka ukingoni kwenda katikati, akarudi. Akafungua boneti, akapapasa mbavu za ndani. Kisha akaongea kwa sauti kubwa, kama alivyozoea kuongea siku hizo.

"Hii haijakatika, Mwalimu. Mbavu zake nzima, bawaba nzima. Imetishika tu. Niachie siku nne. Ya mtumba hujui ilitoka kwenye gari gani wala liligonga nini. Hii ilizaliwa na gari lako."

Mwalimu alimtazama, akavutiwa, nikaona. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe fundi wa rangi, unasemaje?"

Hapa nataka niseme ukweli kama Mwalimu alivyoutaka, ingawa nauleta kwa kuchelewa. Nilikuwa na hofu kidogo, hofu ya kweli, kwamba Shigela ataivuta ile boneti na rangi yangu itaumbuka juu yake. Lakini hofu hiyo peke yake isingenifungua mdomo. Kilichonifungua mdomo ni kwamba asubuhi ile Shigela alikuwa amenishinda. Mbele ya banda zima alikuwa amesema, "Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, mkarudi na Kiswahili tu." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilishinda nikitafuta jibu mpaka Mwalimu alipofika, na aliponiuliza, jibu likaja lenyewe.

"Mwalimu," nikasema, "huyu Msukuma masikio aliyasahau machungani na ng'ombe wa baba yake. Bati linanyooshwa kwa kusikiliza, na yeye hasikii. Mwachie hiyo boneti, atakurudishia karai."

Banda likalipuka. Bundala, mchomeleaji wetu, alipiga magoti yake kwa mikono. Na Shigela naye akacheka. Aliona mdomo wangu ukichezacheza, akaona watu wanacheka, akajua mtani wake amerudisha, akacheka kwa moyo wote. Hakujua nimesema nini. Kile kicheko chake bado nakisikia.

Mwalimu Levina peke yake hakucheka. Alifanya kama walimu wanavyofanya kwa mtoto wanayemshuku. Alizunguka taratibu akasimama nyuma ya Shigela, akaita, "Fundi." Shigela hakugeuka. Akaita tena, kwa sauti ya kuita mstarini, "Fundi Shigela!" Shigela alikuwa anapapasa bati, amefunga macho. Kicheko kikafa kimoja kimoja.

"Basi niagizieni ya Dar," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, na nadhani alimwonea huruma.

Shigela alipofungua macho akamkuta Mwalimu amekwisha kaa upande wangu, tunaandikiana namba za simu. Akauliza, "Nianze leo?" Mimi nikainama kutafuta msasa ambao sikuuhitaji. Bundala, mtu ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akamwinamia sikioni akapaza sauti.

"Anabadilisha! Eustace kasema wewe husikii!"

Shigela akanitazama. Nilisubiri aniite mchukuzi, mla michembe ya viazi, chochote. Ningefurahi. Akatabasamu kwa upande mmoja.

"Huo utani mzuri," akasema. "Leo umenishinda."

Akaweka nyundo zake kwenye gunia na kwenda kunawa mikono. Angekasirika, ningemwomba radhi pale pale. Angenitukana kwa hasira ya kweli, tungeshikana mashati, Bundala angetuamua, na jioni tungekuwa tumekaa tunakunywa chai. Lakini alishika mila kuliko mimi. Mtani hana kosa, basi mimi sikuwa na kosa, na asiye na kosa anaomba radhi ya nini? Nilijificha humo. Nilijiambia ni utani, na yeye mwenyewe kasema ni utani.

Ng'ambo hakuna neno linalolala njaa. Wiki haikuisha, watu wakaanza kuniuliza, "Yule mzee asiyesikia bado yupo?" Mwenye bajaji aliyekuwa mteja wake wa miaka akapeleka bajaji yake kwa mwingine. Waliobaki waliacha kuongea naye, wakawa wanampungia mikono kama wanafukuza kuku. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nasikia yote, kwa masikio yangu mazima. Sikusema hata mara moja kwamba Shigela bado ni fundi.

Boneti ya Dar ilichukua zaidi ya wiki mbili kufika. Ile ya zamani tulikuwa tumeshaifungua na kuiegemeza ukutani. Siku ya tatu Shigela aliniuliza, "Hii mnaitupa?" Nikamwonyesha kwa mkono kwamba aichukue. Akaibeba mpaka kwenye kona yake, akaiweka juu ya magunia, akaanza. Nilidhani anataka bati la kutengenezea majiko ya mkaa, maana mafundi wengi wakikosa kazi huishia kwenye majiko. Ikaniuma kidogo, nikageuza macho. Alikuwa anagonga mara mbili, anaweka kiganja, anafunga macho, anachora kwa chaki, anagonga tena. Hakuinamisha kichwa hata mara moja. Nililiona hilo kwa macho haya haya, siku baada ya siku, wala halikuniambia kitu.

Kisha asubuhi moja alikuja na Dafrosa, wakakusanya nyundo na kile kipande cha reli. Akasema amechoshwa na mji, anakwenda kulima. Akampa mkono kila mtu. Kwangu akatania kama kawaida, akasema nisije Igunga na njaa yangu ya Kinyamwezi. Nilicheka. Baada ya hapo wakaenda stendi.

Boneti ya mtumba ilipofika, nilikwenda kona ya Shigela kutafuta mahali pa kuiweka niisugue. Ile ya zamani ilikuwa pale, imefunikwa gunia. Nikalifunua.

Sisi wapiga rangi tuna namna yetu ya kumkamata mnyooshaji. Tunamwagia bati maji, kisha tunainama na kutazama kivuli cha kitu kilichonyooka kinavyolala juu ya yale maji. Bati likiwa na wimbi, kivuli kitapinda. Nilimwaga maji. Nguzo za banda zikalala juu ya ile boneti, zimenyooka kutoka ukingo mpaka ukingo. Nikamwaga tena kwa upande mwingine. Nikapitisha kiganja nikiwa nimefunga macho, kama yeye. Hapakuwa na mahali pa kijiko kimoja cha puti. Miaka yote ile hakuwahi kutoa kazi safi kuliko hiyo, na aliifanya akiwa hasikii kitu. Ndipo nikaelewa yale mawimbi yaliisha vipi. Masikio yalipomwacha alijifunza upya kwa kiganja, akiwa mtu mzima, peke yake, bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka kwake.

Bado muda ulikuwepo. Gari la Mwalimu lilikuwa banda lile lile, wazi, halina boneti. Ile ya Dar, nilipoijaribu, haikukaa. Upande wa kushoto iliacha mwanya wa kuingiza kidole, na chini yake palikuwa na kutu iliyopakwa rangi juu. Ningeweza kumpigia Mwalimu simu nikamwambia, "Njoo uone kazi ya Shigela." Angekuja. Ni mtu wa haki. Angeirudisha ya kwake, na yeye mwenyewe angelitangaza jambo hilo Kipalapala nzima, na Shigela angeitwa arudi.

Lakini ningeanzaje? Ningesema nilikosea, nilimchafulia mtu jina kwa sababu ya pembe na Kiswahili? Nikatafuta sababu. Nikasema Mwalimu ameshaigharimia ya Dar. Nikasema Shigela mwenyewe ameondoka kwa hiari yake. Nikachukua nyundo, nikailazimisha ile ya mtumba, nikajaza puti palipostahili na pasipostahili, nikapuliza rangi ya bluu. Ilipendeza. Mimi ni fundi mzuri wa kufunika.

Mwalimu alirudi baada ya miezi mitatu. Boneti ilikuwa inagongagonga barabarani, na rangi imeanza kufura upande wa kushoto.

"Inanipigia kelele mpaka shambani," akasema, kisha akashusha pumzi. "Lakini bora hii. Ningemwachia yule mzee, sijui ingekuwaje."

Ile ya zamani ilikuwa nyuma yake, ukutani, chini ya gunia. Ningenyoosha mkono ningeigusa. Nikamwambia, "Kweli, Mwalimu." Nikaenda kutafuta bisibisi.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao saba, na hakuna hata mmoja anayenisumbua kama hili. Nililala nalo, nikaamka nalo. Kumpigia simu Shigela hakuna maana. Kumwandikia nako, ujumbe wake husomwa na mkwewe. Mwaka huu, baada ya mavuno, nikasema liwalo na liwe. Nikapanda basi la asubuhi, nikashuka Igunga, nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwao.

Dafrosa ndiye aliyeniona wa kwanza. "Mwangaluka!" akanisalimu Kisukuma, akapiga vigelegele, "mtani kaja na njaa yake!" Uwanja mzima ukaamka. Wakwe zao walikuwa wanapukuchua mahindi juu ya turubai, majirani wawili wamekuja kusaidia, wajukuu wanazunguka na kuku. Shigela alikuwa kwenye kigoda, anashona gunia. Amekonda. Aliponiona alisimama na mikono yake mikubwa, akanishika mabega, akanitikisa, akanitangazia ukoo wangu wote kwa matusi ya utani. Nikampa yangu kwa ishara na kwa kelele. Tukacheka. Tukaletewa ugali na maziwa.

Baada ya kula nilikivuta kigoda changu karibu yake. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikafungua mdomo, na hapo hapo nikaona jambo ambalo safari nzima sikulifikiria: Shigela sasa karibu hasikii kabisa. Ili anisikie ningepaswa kupiga kelele. Ningepaswa kupaza sauti, mbele ya mkewe na wakweze na majirani na wajukuu, niseme, mimi Eustace nilikudhalilisha, boneti yako niliiona, ilikuwa safi, nikanyamaza. Niseme nilinyamaza mara mbili, ilipofika ya Dar na Mwalimu aliporudi. Wote wangesikia.

Siku ile bandani sikuhitaji hata kujikaza. Nilipaza sauti mbele ya watu wote nikamwaibisha, na ilitoka kama mate.

Nikamtazama, nikasema kwa sauti ile ya kusemea mtu mwenye masikio, sauti ya chini, "Shigela, nisamehe. Wewe ni fundi. Nilikuonea."

Aliona midomo yangu ikisogea. Akaniinamia, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akakunja uso kwa kujitahidi.

"Unasemaje, mtani?"

Wakwe wakaacha kupukuchua, wakatutazama. Dafrosa akatutazama. Mtoto mmoja alikuwa amesimama mbele yangu na gunzi mkononi.

"Nasema," nikapaza sauti, "mahindi yenu mwaka huu yamestawi!"

Uso wake ukafunguka. Akatikisa kichwa, akapiga goti langu.

"Eeh," akasema. "Mvua zilikuwa nzuri."

Tukakaa hapo mpaka bodaboda aliponirudia, tukizungumza habari za mvua.